Blanketi la Dewsbury nililolikuta Mlango Mmoja, na koti la mdogo wangu anayevua dagaa

Nimekaa na hii kitu wiki tatu nzima kabla sijaandika, maana nilitaka kwanza lile koti lipigwe na maji ya ziwa usiku ndo niseme neno. Sasa limepigwa, tena siku mbili mfululizo, kwaiyo naandika.

Ni kuhusu mama mmoja anayeuza makoti mazito na mablanketi ya mtumba pale Mlango Mmoja. Jina lake siliweki humu sababu sijamuomba ruhusa, ila ukifika ukauliza mama wa makoti ya baridi hata wale vijana wanaouza maji watakuonyesha. Meza yake ndogo tu, juu kafunga turubai la bluu, makoti yananing'inia kwenye bomba na mablanketi yako chini ndani ya salfeti.

Najua mtu wa Dar akisoma hapa atashangaa, Mwanza na koti la sufu wapi na wapi. Asiyelala ziwani hajui. Mdogo wangu anavua dagaa kutokea Igombe, anaondoka jua likizama anarudi kumepambazuka, na kazi ya dagaa ni ya giza, mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika, kwaiyo zile siku wanazofanya kazi ndo zile nyeusi tii, taa zinaelea juu ya maji, nyavu inavutwa kwa mikono, maji yanachuruzika kutoka kwenye nyavu yanaingia kifuani yanashuka mpaka kiunoni, afu upepo unakuja. Saa kumi alfajiri anasema meno yanagongana mpaka hawezi kuongea na mwenzie. Miaka yote alikuwa anavaa yale majaketi ya kung'aa yenye sponji ndani, likishalowa ni kama umebeba ndoo ya mchanga, na baridi inabaki humo humo mpaka asubuhi. Mwaka huu mwezi wa sita kaumwa kichomi, siku nne amelala hajiwezi, nikasema hapana, huyu mtoto wa mama yangu lazima avae sufu.

Ila sufu nayo kuipata ya kweli ni kazi. Mwaka jana nilinunua blanketi jipya kwenye duka moja hapa mjini, limo kwenye mfuko wa plastiki wenye picha ya kondoo, muuzaji akaniapia kabisa dada hii ni sufu asilia, elfu sitini na tano nikatoa. Nikampelekea mama. Siku moja anaota moto, cheche ikaruka kutoka kwenye jiko ikatua magotini, palepale pakafanya tundu na kingo zake zikaganda ngumu nyeusi kama chupa ya maji iliyoyeyuka. Plastiki tupu! Mama angeungua mapaja. Niliporudi dukani nikaambiwa kitu kikishatoka hakirudi. Niliumia sana kiukweli, na hela ile sikuwa naiokota.

Kwaiyo kwa huyu mama wa Mlango Mmoja nilienda nimeshafura kabla hata ya salamu. Akanisalimia mwangaluka, nikaitikia, nikamwambia mayu, yaani mama, mi nataka koti la mvuvi, nataka sufu, na nimeshadanganywa mara moja. Hakubishana. Akachukua koti moja la kijivu lenye vifungo vikubwa, akaligeuza ndani nje, kwenye pindo la chini pale ambapo mshonaji huwa anaacha kitambaa cha ziada akavuta uzi mmoja kwa kucha, uzi wa urefu wa kidole, akaushika na kibanio cha nyusi, akawasha kiberiti. Nikaangalia. Moto ukashika kidogo, ukasinyaa, alipoondoa kiberiti ukazima wenyewe, na harufu ikatoka, ile harufu ya nywele zikiungua saluni. Akaniwekea kile kilichobaki kwenye kiganja akasema saga. Nikasaga kwa kidole, kikawa unga mweusi kama masizi. Afu akavuta uzi kwenye koti jingine, jeusi, zuri kuliko la kwanza, akauchoma: uzi ukajikunja ukakimbia moto, ukatoa moshi mweusi, ukabaki na kidonge kigumu kwenye ncha. Akasema, "Hili ni zuri la kuvalia harusini, mvuvi usimpelekee, litamuua." Koti lile jeusi lilikuwa na bei kubwa zaidi na mi nilikuwa nimeshalipenda, angenyamaza tu angeniuzia.

Nampa sifa zote kwa hilo. Mfanyabiashara anayekuchomea bidhaa yake mwenyewe mbele yako ili usinunue cha gharama, mi sijawahi kumuona mwingine hapa mjini.

Sasa wakati anapekua salfeti kunitafutia saizi ya mdogo wangu, ambaye ni mrefu na mabega kama mlango, likadondoka blanketi. La kijivu, zito, limeshonewa uzi mwekundu kwenye kingo, na pembeni lina lebo ndogo ya kitambaa imechakaa lakini inasomeka, Dewsbury. Nikakaa chini kabisa kwenye kile kibao chake.

Naomba mnivumilie hapa nieleze. Nilikaa Dewsbury mwaka na nusu. Dada yangu anafanya kazi ya kutunza wazee kule, nikaenda kumsaidia alipojifungua mapacha. Ni mji mdogo kaskazini mwa Uingereza, mkoa wa Yorkshire, jirani yake kabisa ni Batley, na ule ukanda wote zamani vilikuwa vijiji vya nguo, nyumba za mawe meusi zimeshikana mistari mirefu kupanda mlima, na mabomba ya moshi ya viwanda mengine bado yamesimama mpaka leo bila kiwanda chini yake. Kilichonishika pale ni kwamba walitajirika kwa nguo kuukuu. Mitumba! Mwaka 1813 mtu wa Batley anaitwa Benjamin Law aligundua kwamba ukichukua matambara ya sufu ukayachana mpaka yarudi kuwa nyuzi, ukachanganya na sufu mpya kidogo, unaweza kuyasokota na kuyafuma tena yakawa kitambaa. Wakakiita shodi. Mashine ya kuchania ilikuwa pipa linalozunguka lina meno ya chuma mwili mzima, na wafanyakazi wenyewe waliiita shetani, na lile vumbi lake wakaliita vumbi la shetani.

Reli ilipofika mwaka 1848 ndo mambo yakapamba moto, matambara yakawa yanaletwa kutoka Ulaya nzima, yanashushwa stesheni na kupigwa mnada palepale stesheni, mabelo kwa mabelo. Nilipomsimulia huyu mama wa Mlango Mmoja akaacha alichokuwa anafanya. Akaniuliza nani alikuwa anachambua. Nikamwambia wanawake. Akasema, "Nilijua." Wanawake na mabinti walikaa kwenye ghala wanakata vifungo, wanang'oa pindo na mishono, maana mshono una uzi wa pamba na pamba ikiingia kwenye mchanganyiko inaharibu, wanatenga rangi kwa rangi, laini kwa ngumu, siku nzima kwenye vumbi la nguo za watu wasiowajua, nguo nyingine za wagonjwa. Walipata homa iliyopewa jina la kitambaa chenyewe, homa ya shodi, kifua kinabana, kikohozi, kichwa. Mama akanionyesha barakoa yake, ile ya enzi za korona, ya kitambaa, kaifua mpaka imepauka. Anaivaa kila akifungua belo.

Na mnajua hili ziwa letu lilipewa jina lile mwaka 1858, Speke alipofika hapa kwetu akaona maji akayaita Victoria kwa jina la malkia wake, wakati babu zetu walikuwa wanaita Nyanza na hawakuwa na shida yoyote. Mi nikiwa kule nilikuwa nawaza hiyo tarehe kila nikipita stesheni ya Dewsbury. Mwaka ule ule ambao jina la yule mama linabandikwa kwenye maji yetu, wanawake wake mwenyewe walikuwa wamekaa kwenye vumbi wanang'oa vifungo.

Kuna bibi mmoja wa kanisani, ana miaka themanini na zaidi, ndo alinifungua macho. Nilikuwa nasali pale kanisa la zamani la mji, siku za wiki anakaa mlangoni anapokea wageni, na akishajua nimetoka Ziwa Victoria basi ikawa kila nikifika ananichemshia chai na kunipa stori. Yeye mwenyewe mama yake alikuwa mchambuaji wa matambara. Siku moja akanionyesha nakala za madaftari ya parokia. Nimekulia parokiani mi, daftari la ubatizo nalijua, lakini yale yalinikalisha. Tangu mwaka 1813 kila ubatizo wa Kanisa la Anglikana kule Uingereza uliandikwa kwenye fomu iliyochapwa: jina la mtoto, baba na mama, wanakaa wapi, baba anafanya kazi gani. Basi unashuka na kidole kwenye ile safu ya kazi, mfumaji, mfumaji, msokotaji, mfumaji, mchimba makaa, mfumaji. Ukurasa mzima. Afu tukafungua la ndoa, la miaka ya 1840, bwana harusi kasaini jina lake kwa herufi za kupandana pandana kama za mtoto wa chekechea, bibi harusi kaweka alama ya X, na pembeni padri kaandika kwamba hii ni alama ya fulani. Ile X ilikuwa imekandamizwa. Wino umejaa kwenye makutano ya mistari miwili, kama mtu aliyeambiwa asikosee na akaogopa kukosea. Bibi yangu mzaa mama wa Magu naye alikuwa anaweka dole gumba kwenye karatasi za kuuzia pamba, na alikuwa anakandamiza hivo hivo, mpaka unamwona anabana midomo.

La maziko sikuweza kulimaliza. Umri: wiki tatu. Miezi saba. Miaka miwili. Wiki moja.

Kuna kijiji kingine cha sufu kule kule Yorkshire, unaenda na kurudi siku moja, kinaitwa Haworth, huyo bibi alitupeleka mimi na dada na mapacha migongoni. Kasisi wake Patrick Brontë alifika mwaka 1820 akakaa mpaka kufa mwaka 1861, watoto wake wote sita walikufa kabla yake, yeye akafika miaka 84. Aliona watu wanavyokufa akaanza kuandika barua kwa serikali kuomba maji safi, mpaka mwaka 1850 wakamleta mkaguzi, Benjamin Babbage, na ile ripoti yake mpaka leo ukiisoma mwili unasisimka: asilimia 41.6 ya watoto walikuwa wanakufa kabla ya miaka sita, na wastani wa umri wa kufa ulikuwa miaka 25.8. Vyoo 69 kwa kijiji kizima cha watu zaidi ya elfu mbili. Makaburi yako juu ya mlima karibu na kanisa, mawe mapana yamelala bapa yamefunika udongo, watu 1,344 walizikwa pale ndani ya miaka kumi tu, na chini ya makaburi ndo nyumba na visima. Nilisimama pale nikakumbuka kwetu Igogo, choo cha jirani juu ya mwamba na kisima chini yake. Hawakuhitaji kunieleza mara mbili.

Watoto waliofanikiwa kuvuka hiyo miaka sita, wengi walienda kiwandani. Kabla ya sheria ya mwaka 1833 hakukuwa na kizuizi chenye nguvu, baada ya hapo wenye chini ya miaka tisa wakakatazwa kwenye viwanda vingi vya nguo, afu mwaka 1844 ikaja sheria ya nusu siku, mtoto wa miaka minane anafanya kazi saa sita na nusu na anakaa darasani saa tatu. Walimu walikuwa wanawaacha walale kwenye madawati. Na hapa niseme ukweli kuhusu kanisa maana nalipenda na sitaki kulisingizia wala kulipamba: wenye hela walikuwa wanalipia viti vyao vya mbele kanisani na maskini wanakaa mabenchi ya bure pembeni na nyuma, na hiyo ni sababu mojawapo wengi walihamia kwa Wamethodisti na Wabaptisti. Lakini pia alikuwepo kasisi wa Bierley, pembeni ya Bradford, George Bull, mtu aliyewahi kutumwa Sierra Leone na shirika la wamisionari, aliyezunguka mikutanoni pamoja na Richard Oastler, mtetezi wa watoto wa viwandani, kudai saa kumi za kazi kwa siku, na walipigania mpaka mwaka 1847 ikapita kwa wanawake na vijana. Na shule za Jumapili ndo zilizowafundisha wengi wao kusoma, maana Jumapili ilikuwa siku pekee waliyokuwa nayo.

Kuna na hili la mkojo, lazima niliseme. Sufu ikitoka kwa kondoo ina mafuta, na zamani vile vijiji viliiosha kwa mkojo wa binadamu uliochachushwa, nyumba zina pipa lake na kuna mtu anapita kukusanya. Watu nikiwaambia wanakunja uso. Mama wa Mlango Mmoja hakukunja, akasema mbona sisi vibuyu vya maziwa tuliosha kwa mkojo wa ng'ombe na maziwa yalikuwa matamu. Ndo kweli kabisa.

Basi turudi kwenye bidhaa. Nimelisema hili lote sababu nilitaka mjue kwanini nililikagua lile blanketi hivo. Lenyewe si la enzi za Malkia Victoria, ni la baadae sana, lakini ukilishika mwangani unaona kazi ile ile: nyuzi fupi fupi, na ndani ya kijivu kuna vichembe vya rangi nyingine, chembe ya bluu hapa, ya kahawia pale, nyekundu moja moja. Hizo ni nguo za watu. Suti ya mtu fulani, sweta la mtoto, sare ya askari, zimechanwa zikafumwa upya. Ukilisugua linatoa manyoya kidogo, na hiyo ndo kasoro ya shodi, nyuzi fupi hazidumu kama sufu mpya, Waingereza wenyewe waliligeuza hilo jina kuwa neno la kusema kitu kibovu. Mi naona wameionea. Joto linatoa. Tulilichoma uzi, harufu ya nywele, jivu la kusagika. Elfu thelathini na tano, nikaomba apunguze, akanipa kwa thelathini na mbili, na akaniambia mwenyewe kuna sehemu nondo wamekula, mbili, ndogo, akazitia uzi palepale bila kudai hela.

Koti la mdogo wangu nilichukua lile la kijivu la vifungo vikubwa, elfu arobaini. Si rahisi, najua. Jaketi la sponji unapata kwa kumi na tano. Ila sikilizeni majibu.

Usiku wa kwanza kalivaa ndani, juu kaweka koti la mvua. Karudi asubuhi nikampigia, kasema dada leo nimeongea usiku mzima. Usiku wa pili upepo ulikuwa mkali, mawimbi yaliingia kwenye mtumbwi, akalowa mpaka ndani, na hapa ndo sufu inapojitenga na vitu vingine: inaweza kunywa maji hadi kama asilimia 30 ya uzito wake bila wewe kuhisi umelowa, na hata ikizidi bado inashika joto la mwili. Kasema lilikuwa zito lakini kifuani palikuwa na joto. Wenzake wawili kwenye mtumbwi walitaka kulishika shika. Tajiri wao, mwenye mtumbwi, kauliza linapatikana wapi, na hilo ndo limenifanya niandike haraka leo kabla hayajaisha.

Kasoro zake zipo. Linakauka polepole sana, siku nzima ya jua na bado kwapani pana unyevu, kwaiyo mvuvi anayeenda kila usiku anahitaji mawili au avae kwa zamu. Likilowa linanuka kondoo, na likichanganyika na dagaa mke wake kaliweka nje ya nyumba. Nondo wanalipenda, msilikunje mkaweka chini ya kitanda, wekeni kwenye mfuko uliofungwa na majani ya mwarobaini. Na msilifue kwa maji ya moto jamani, wala msilikamue kwa kulisokota! Linasinyaa linakuwa la mtoto. Maji baridi, sabuni kidogo, unalikandamiza kwenye taulo, unalitandaza kivulini juu ya chanja kama unavyoanika samaki.

Kwa upande wa mama mwenyewe, saizi kubwa ni za kubahatisha, mdogo wangu mikono inatokeza kidogo. Hana kioo. Siku ambazo hana belo jipya hafungui kabisa na namba yake ya simu mara nyingi haipatikani, unaweza kutoka Buhongwa bure. Sehemu ya kujaribia nguo hakuna, unajaribia mbele za watu, kwa koti sawa ila kwa sketi nzito alizonazo inakuwa ngumu. Lakini bei anaanzia karibu na ukweli, na ukimuuliza swali anakujibu anachokijua, asichokijua anakuchomea uzi.

Mama yangu sasa hivi ndo ana lile blanketi. Alilikagua kabla ya kulipokea, tangu yale ya cheche haamini kitu. Akakaa nalo jioni karibu na jiko kwa makusudi kabisa, cheche ikaruka, ikatua, ikaacha alama ya kahawia kama punje ya mtama, ikazima. Akaipangusa kwa kidole. Nikamweleza habari za wale wanawake wa Batley, na baba yangu naye akasikiliza, yeye alifanya kazi kiwanda cha nguo miaka mingi, sitakitaja, na masikio yake yameenda na kelele za mitambo, tunaongea nae kwa kupaza sauti. Nikamwambia baba, kule Lancashire, mkoa jirani na Yorkshire, wafumaji walikuwa wanaongea kwa kusomana midomo, sababu ya hiyo hiyo kelele. Baba akacheka sana, akanigeukia akachezesha midomo bila sauti. Mama ndo aliyemwelewa. Kumbe wamekuwa wakiongea hivo miaka yote sisi hatujui.

Usiku wa kuamkia Krismasi pale Dewsbury wanapiga kengele moja ya zamani, inaitwa Black Tom, wanaipiga mara moja kwa kila mwaka tangu Kristo azaliwe, zaidi ya mara elfu mbili, na pigo la mwisho linaangukia saa sita kamili. Nilikuwepo. Baridi ilikuwa inauma, nimebeba pacha mmoja kifuani nimemfunika na blanketi la kijivu la yule bibi wa kanisani, na tulihesabu mpaka tukapoteza hesabu.

Mama wa Mlango Mmoja ana kopo la maziwa ya unga amejaza lebo zilizodondoka kwenye nguo, anasema anaona vibaya kuzitupa. Anazo nyingi na nyingine hawezi kuzisoma. Jumamosi anafungua belo jingine, kaniambia nifike kabla ya saa moja asubuhi, nitamsomea zile lebo zake, na yeye ataniwekea koti la pili pembeni, mikono mirefu.